Kumgeuza Asiyeinuka

El Menzel, 19 Oktoba 1987

Kwa binti wa ndugu yangu, Turia,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wenzako wa kazi. Barua yako ya Agosti niliipata. Ilikuwa fupi na mwandiko wake ulikuwa unakimbia. Mtu niliyemfundisha mimi kushika kalamu hana udhuru wa kuandika kama anayefukuzwa.

Itto anakusalimu. Meno yanamsumbua mke wangu, lakini ulimi haujambo. Rahma wa jirani ameolewa. Harusi ilikuwa ya siku tatu, na wapiga ngoma wakaidai ya nne. Mvua bado. Zeituni za mwaka huu zimeinamisha matawi, na watu wameanza kugombea zamu kwenye kinu. Baba yako yupo.

Sasa jambo lenyewe. Baghala ameanguka. Alikuwa akipanda mteremko wa mtoni na kuni, akalalia upande wa kushoto, asiinuke tena. Tulimbeba watu sita mpaka nyumbani. Macho yanaona, chakula anakula kidogo, ila upande mmoja ni kama si wake. Hii ni wiki ya pili. Watu wanasema aitwe mhunzi amchome nyonga kwa chuma cha moto, kama ilivyo desturi kwa mnyama aliyekataa kusimama. Nimewaambia nitauliza kwanza kwa anayejifunza kazi hiyo. Niandikie: afanyiwe nini asiyeinuka?

Wewe usije. Sababu unaijua.

Ami yako, Jilali

*

Fes, 2 Novemba 1987

Ami Jilali mheshimiwa,

Naubusu mkono wako na kichwa cha Mama Itto. Mwambie akang'olewe hayo meno Sefru, asimwendee kinyozi. Mimi ni mzima. Chumba ninachopanga kina dirisha moja, linatazama ukuta. Kazi ni nyingi.

Sababu ninaijua. Baba aliapa mbele ya wazee wa msikiti kwamba sitavuka kizingiti cha nyumba yake yeye akiwa hai, kwa kuwa nilimkataa mtoto wa mwenye kinu nikaja mjini kuosha vidonda vya punda. Nilikuwepo alipoapa. Sihitaji kukumbushwa.

Kuhusu baghala. Msimchome. Hapa hospitali ya wanyama kila juma tunapokea waliochomwa, na hakuna hata mmoja aliyesimama kwa sababu ya moto. Wanaletwa na ugonjwa ule ule na kidonda juu yake.

Mtandikieni majani makavu mengi, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, na yaliyolowa yaondolewe siku hiyo hiyo. Msimwache alale ubavu mmoja. Mgeuzeni asubuhi, adhuhuri, alasiri, jioni, na mara moja usiku. Uzito ukikaa mahali pamoja, ngozi hufa kutoka ndani kabla ya nje. Ukiona wekundu, ujue umechelewa. Kifua kiwe juu kidogo, kiegemezwe kwa magunia ya majani, apate kuvuta pumzi. Maji mpeni kidogo kidogo, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Maji yakipotea njia yakaingia mapafuni, hayo ndiyo yatakayomuua. Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi ikirudi upesi, damu inatembea. Ikisita, niletee habari bila kungoja barua.

Wiki iliyopita niliweka kwa mara ya kwanza sindano ya dripu kwenye mshipa wa shingo ya farasi bila kusaidiwa. Unanyoa, unaosha mara tatu, unaukandamiza mshipa kwa dole gumba mpaka uvimbe kama kamba. Damu ikirudi, uko ndani. Bu Shaib, mkuu wa wauguzi, alisimama nyuma yangu mikono mfukoni.

"We Turia, mkono wako ni wa jiwe," akasema.

"Ni vizuri au vibaya?"

"Kwa sindano, vizuri. Kwa kumimina chai, mwachie mwingine."

Mtihani wa vitendo ni Machi.

Wako, Turia

*

El Menzel, 6 Desemba 1987

Turia,

Amani iwe juu yako. Barua yako ilifika upesi; aliyechelewa ni mimi. Ulikuwa mwandiko mzuri kuliko ule wa Agosti.

Mvua ilikuja, ikaharibu barabara ya Sefru, ikaondoka. Zeituni tumeanza kuziangusha. Itto ameng'olewa jino moja na kukataa la pili. Mtoto wa mwenye kinu ameoa.

Tulifuata uliyoandika. Tunamgeuza mimi na Itto na kijana wa jirani mmoja, na mgongo wangu haunishukuru. Lakini mhunzi alikuja. Mimi sikumwita. Nilikuwa msikitini, na niliporudi alikuwa ameshamaliza, anakunywa chai. Amechoma mara mbili kwenye nyonga ya kushoto. Kidonda sasa kinatoa maji na kina harufu. Nifanye nini?

Ana ukaidi. Mto tuliomwekea ameutupa. Supu hainywi mpaka Itto aongeze ndimu.

Jilali

*

Fes, 13 Desemba 1987

Ami mheshimiwa,

Naubusu mkono wako. Baridi imeingia Fes. Mifereji ya waosha ngozi inatoa mvuke asubuhi. Mimi ni mzima.

Barua yako aliniletea dereva Lahseni mwenyewe, na nikamnywesha chai. Nikamuuliza habari za kijiji. Akaniambia mavuno ni mazuri, na kwamba asubuhi ile alikwama nyuma ya baghala wetu wa kijivu kwenye njia ya kinu, kabeba magunia manne, anatembea katikati ya barabara kama waziri.

Sikumuuliza Lahseni zaidi. Na wewe sikuulizi, kwa kuwa ungetaka kuniambia ungeniambia. Nadhani na wewe umeapishwa.

Baada ya Lahseni kuondoka nilikwenda kubadilisha bendeji ya farasi wa mkokoteni. Nikaifunga vizuri, haikukaza wala kulegea. Nilingoja nihisi kitu. Sikuhisi.

Nitakuandikia kuhusu baghala, kama ulivyotaka. Chemsha maji na chumvi, kijiko kimoja kwa kikombe kikubwa, yapoe. Nawa mikono kwa sabuni kabla, si baada tu. Mimina juu ya kidonda mpaka yatoke safi, usisugue. Nyama nyeusi iliyokufa usiivute, itaachia yenyewe. Paka asali halisi, si ile ya sokoni iliyochanganywa na sukari, kisha kitambaa kilichochemshwa. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Sokota kitambaa kiwe duara kama kata ya kubebea mtungi, umweke juu yake, nyonga ibaki hewani katikati.

Baghala wa namna hii ana visigino. Viangalie visigino vyake, visiguse godoro.

Ami, wewe ulitufundisha kwamba mwenye kuapa, kisha akaona jambo jingine ni bora kuliko aliloapia, na alitende lililo bora. Msomee.

Turia

*

El Menzel, 17 Januari 1988

Turia,

Amani iwe juu yako. Theluji imeshuka mpaka kwenye makaburi. Mafuta ya mwaka huu ni mazito na ya kijani, nimekuwekea mtungi. Itto ameng'oa la pili, na sasa anasema la tatu ndilo lililokuwa na makosa.

Nimeona ulichoandika kuhusu visigino. Vimewekewa sufi ya kondoo.

Kidonda kimepungua harufu. Kingo zimeanza kuwa za waridi. Juu ya hilo nakushukuru.

Ulitaka mtu fulani asomewe maneno fulani. Yamesomwa. Nitakuandikia yaliyosemwa, na kwa kuwa umeamua kuniandikia habari za baghala, nami nitakuandikia habari za baghala. Usishangae kwamba anasema. Wanyama wa siku hizi wamekuwa wajuaji.

Nilikuwa namwagia maji ya chumvi. Akasema, "Yanawasha."

Nikasema, "Yanasafisha."

"Nani kakufundisha mambo haya, Jilali? Wewe maisha yako yote umegeuza kurasa tu."

"Kanifundisha mtu anayejua."

"Mwambie huyo mtu anayejua kwamba yanawasha."

"Mwambie mwenyewe. Kalamu ninayo, karatasi ninayo."

Akageuza uso ukutani. Ndipo nikamsomea yale uliyotaka, kwa Kiarabu kwanza, kisha kwa lugha yetu ya nyumbani asije akasema hakuelewa. Nikafunga kitambaa. Akasema, "Wazee walisikia nikiapa. Wanne wako hai. Nikilala hapa kama mzigo ulioporomoka, angalau neno langu lisimame."

Haya ndiyo yaliyosemwa. Mimi ni ndugu mdogo. Nyumba ni yake.

Jilali

*

Fes, 31 Januari 1988

Ami mheshimiwa,

Naubusu mkono wako. Mama Itto ajisukutue kwa maji ya karafuu. Mimi ni mzima.

Mwambie baghala kwamba kidonda kinachowasha ni kidonda kilicho hai. Kile kisichohisi ndicho cha kuogopa.

Juzi aliletwa punda wa mbeba mchanga, utumbo umejisokota. Daktari alipitisha mpira puani mpaka tumboni, mimi nikashika kichwa na kamba ya mdomo. Kilichotoka kwenye mpira kilikuwa cha kahawia. Fizi zilikuwa zambarau, na nilipobonyeza rangi haikurudi. Mwenye punda aliuliza mara tatu kama atapona, na mara tatu daktari akamjibu vile vile. Nilinyoa shingo, nikatafuta mshipa, nikauweka wazi kwa ajili ya dawa ya mwisho. Alianguka nilikotaka aangukie, juu ya majani. Bu Shaib akanipa sigara. Nikamwambia sivuti. Akasema, "Najua. Shika tu."

Sasa nakuomba jambo. Jumapili yoyote utakayoitaja nitapanda gari la Lahseni. Sitavuka kizingiti. Nitasimama nje ya mlango, kwenye theluji, mkono wangu ukutani. Ataniona au hatoniona. Nijibu.

Turia

*

Fes, 22 Februari 1988

Ami,

Wiki tatu bila jibu. Barabara iko wazi, nimeuliza. Kama amekufa, niandikie neno moja tu, na salamu uziache.

Turia

*

El Menzel, Ijumaa, 4 Machi 1988

Turia,

Leo asubuhi Itto amewalisha maskini kumi, supu ya bisara na mkate wa shayiri, mpaka wakashiba. Ni kafara ya kiapo changu. Baada yao kuondoka ndipo nikashika kalamu. Sasa naandika.

Baba yako Hammadi alipooza upande wa kushoto mwezi wa Oktoba. Ulimi wake ulipomrejea, jambo la kwanza alilotaka ni kuniapisha nisikuandikie habari ya ugonjwa wake kwa jina wala kwa ishara. Niliapa, kwa kuwa alikuwa analia na sikuwahi kumwona akilia. Nilihesabu kwamba uongo kuhusu mnyama ni mdogo kuliko kiapo kilichovunjwa. Mizani yangu ilikuwa mbovu. Mhunzi alimwita yeye mwenyewe, akituma mtoto. Alisema alichowafanyia baghala wake miaka arobaini hawezi kukikataa yeye.

Hakufa. Lakini tangu Februari anakohoa, na maji yanampotea njia kama ulivyoonya. Tunambonyeza ufizi na rangi inasita. Ombi lako la kusimama kwenye theluji sikumfikishia. Mtoto wa nyumba hasimami nje kama mdai. Ndiyo sababu nilinyamaza.

Jumanne alisema nyumba ina moshi. Nyumba haina moshi. Akasema anataka kulala zizini.

Itto akamwambia, "Hammadi, umerukwa na akili? Zizini kuna baridi na mavi ya baghala!"

"Baghala ana joto kuliko nyinyi wawili."

"Watu watasema tumekutupa."

"Waache waseme. Nibebeni."

Tukambeba. Tulitandika majani makavu, kina cha mkono mpaka kiwiko. Alipokwisha kulala nikamuuliza, "Hapa ndipo?" Akatazama mlango wa zizi kwa muda mrefu. Unaujua ule mlango: ni nguzo mbili na udongo mtupu katikati. Akasema, "Mimi niliapia kizingiti cha nyumba. Zizi halina kizingiti."

Nikangoja aendelee. Akaniambia nimgeuze.

Najua mtihani wako ni mwezi huu. Sikwambii uuache. Nakwambia tu alipo.

Ami yako, Jilali

*

Fes, 9 Aprili 1988

Ami mheshimiwa,

Naubusu mkono wako, na nauombea mgongo wako. Mafuta yalifika salama. Lahseni aliyashika mapajani njia nzima. Mtihani ulifanyika nikiwa kwenu. Bu Shaib amesema nitaufanya Septemba, na kwamba niache kuomba radhi.

Uliniuliza siku ya kuondoka kwangu kama alinisamehe, nikakwambia gari linanisubiri. Nitakuandikia nilichonacho.

Nilipoingia zizini ulikuwa umekwenda kuteka maji. Alikuwa amefumba macho. Akasema, "Nani?"

Nikasema, "Muuguzi wa wanyama."

Akafumbua moja. "Mikono yako ni baridi?"

"Ndiyo."

"Basi ipashe moto kwa huyo kwanza." Akaonyesha kwa kidevu.

Nikaiweka mikono yangu kwenye ubavu wa baghala mpaka ikapata moto. Kisha nikamgeuza Baba. Akaniambia ninavuta, mzigo hauvutwi, unaviringishwa. Nikafanya alivyosema. Akasema, "Hivyo."

Siku zote zile hakunitaja jina. Mkiwepo wewe na Mama Itto alikuwa akisema, "Mwambieni muuguzi." Mkitoka alikuwa hasemi kitu, na mimi sikusema kitu. Nilimwosha, nikapaka asali, nikampa maji kwa kijiko nikishika kidevu chake. Siku moja nilipokuwa nabadilisha kitambaa alisema kwamba mtoto wa mwenye kinu ni mjinga. Nikasema ndiyo. Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Wewe una elimu. Upime kama hayo yanaitwa msamaha. Mimi sijui.

Alipofariki mlimbeba kumrudisha nyumbani, nami nikafuata nyuma nikiwa nimeshika beseni. Nilivuka kizingiti bila mtu kunizuia. Kilikuwa jiwe tu, limelika katikati. Wakaja waoshaji, na mkuu wao Mzee Ukasha akaniambia nitoke chumbani, kwa kuwa mwanamume huoshwa na wanaume. Ni sheria, sikubisha. Nilisimama ukumbini. Mama Itto alikuwa analia na wanawake wamemshika. Kuna mmoja aliyeninong'onezea, "Lia, mwanangu, watu wanakutazama." Nikamwambia baadaye. Bado sijalia. Naingia kazini, natoka. Nakula ninachopewa.

Wewe ulikuwa ndani, kwa hiyo hukuona kilichokuwa huku nje. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilisikia maji, kisha nikasikia Mzee Ukasha akisema, "Mzito huyu, atatuponyoka." Nikasikia sauti yako ikija karibu na mbao. "Turia, upo?"

"Nipo, Ami."

"Anageuzwaje?"

Nikaweka beseni chini. Nikawaambia mmoja aweke mkono begani na mwingine nyongani, wa tatu ashike kichwa, na wasimvute, wamviringishe. Nikawaambia waende taratibu upande wa kushoto, kwa sababu huo unamuuma.

Kisha nikawasikia mnamgeuza, taratibu.

Turia